Fomu Mbili na Boila la Tsaramandroso

Mwezi uliopita tulimzika Zafy hapa Mahajanga, na mimi ndiye niliyeombwa niseme machache kwa niaba ya mafundi waliofanya kazi naye. Nilisema, tena nilisema vizuri. Nilivaa suti ya kijivu niliyoshonesha Mombasa, nikasimama wima ingawa magoti hayanitii siku hizi, nikawaeleza vijana waliohudhuria kwamba marehemu na mimi tulianza pamoja tukiwa hatuna hata viatu vya kazi, na kwamba aliyesimama mbele yao ana stashahada tatu: ya ufundi wa mabamba ya chuma, ya boila, na ya ukaguzi wa mitambo ya mvuke. Zimetundikwa sebuleni kwangu Ampisikina, katika nyumba niliyoijenga bila msaada wa mtu, na anayezitilia shaka aje azisome. Watu waliitikia kwa vichwa. Baadaye, tulipokuwa tukinywa ranovola, yale maji ya ukoko wa wali ambayo huku hayakosekani baada ya chakula, binti wa Zafy alikuja kuketi karibu nami. Ni mwalimu mstaafu, naye ana wajukuu. "Baba," aliniambia, "marehemu alikuwa akisema kwamba ulipoingia kiwandani ulikuwa tayari na bakaloria. Siku zile mwenye bakaloria alipewa ofisi na feni. Wewe ulifuata nini ndani ya boila?" Nikampa jibu ninalolitoa kila mara, nililowapa mabosi wangu wa Mombasa na wanangu pia: "Nilichagua." Akaridhika. Mimi sikuridhika, na ndiyo maana naandika sura hii.

Habari za ukoo nitaziruka. Kila mzee wa Kingazija akiandika maisha yake huanza na babu wa babu yake, na msomaji husinzia kabla mwandishi hajazaliwa. Inatosha kujua jambo moja juu ya baba yangu. Tuliishi Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, na yeye alikuwa mtumishi kwenye mitambo ya kukeneka mafuta ya mlangilangi, kwa hiyo nguo zake zilinukia kama za bibi harusi, na wenzake walimtania kwa hilo mpaka wakachoka. Lakini hakuwa amefanya ile harusi kubwa ya ada ambayo kwetu ndiyo inayomfanya mwanamume ahesabiwe mtu mzima. Alioa, alizaa, mvi zikamtoka, lakini kwa kuwa hakuchinja ng'ombe wa kutosha katika kijiji alichozaliwa kule ng'ambo, kila penye karamu alikaa karibu na mlango pamoja na wavulana. Sinia la wazee lilikuwa mbele, lenye nundu ya ng'ombe juu ya wali. Sinia la mlangoni lilikuwa na mifupa. Mtu wa miaka hamsini na ushee alikaa na vijana waliokuwa bado wanapigwa na mama zao, akacheka nao, akawapa nafasi, na sikumsikia hata siku moja akilalamika. Mimi ndiye niliyekuwa nikila mifupa ile nikiwa nimeinamisha uso.

Nilipofaulu bakaloria, ule mtihani wa kumaliza sekondari, nikiwa wa kwanza katika mtaa wetu (nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wapo wanaosahau), nchi ilikuwa na bendera mpya na kila mtu alikuwa akizungumzia nani atakalia viti walivyoviacha Wafaransa. Shuleni tulipewa fomu ya kuchagua masomo ya juu, yenye mistari mitatu ya kujaza. Nilijaza Sheria katika mstari wa kwanza, Sheria katika wa pili, na Sheria katika wa tatu. Mwalimu aliniuliza kama nimeelewa maana ya neno kuchagua. Nisingeweza kumweleza mgeni yule mambo ya mlangoni. Wiki ile ile ilisomwa maulidi, na kabla ya chakula Mzee Hamadi, aliyekuwa mkubwa wa wazee wetu, aliinuka kwenye mkeka wa mbele, akatembea mpaka mlangoni, akamshika baba mkono. "Baba wa hakimu hali chakula mlangoni," alisema. Mwingine akanung'unika kwamba ada ni ada. Mzee Hamadi akamgeukia: "Ada ni ya kule. Hapa siku tutakapopelekwa mahakamani kwa ajili ya kiwanja cha msikiti, utatutetea wewe?" Watu wakacheka, baba akapelekwa mbele, wakasogea. Nilimwona akichukua kipande cha nundu kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa kitu kisicho chake. Nimepata vyeo vingi baadaye, lakini sijawahi kujiona mkubwa kama dakika ile.

Nilivuka kwenda Mahajanga kungoja amri ya udhamini wa masomo, ili nipande kwenda mji mkuu. Nilidhani ningengoja wiki moja. Karani wa ofisi ya elimu aliniambia nirudi Jumatatu, na Jumatatu akaniambia nirudi Jumatatu nyingine, mpaka mlinzi wa pale akawa ananisalimia kwa jina. Nililala Ampisikina kwa shangazi yangu Echati, mjane aliyekuwa akiuza mokary, vile vitumbua vya mchele na nazi, kwenye ngazi ya nyumba yake. Chumba changu kilitengwa na jiko kwa bati moja lililojaa matundu ya misumari, na kila asubuhi mwanga wa moto uliingia kwa matundu yale pamoja na harufu ya nazi na maneno yote ya wanawake. Huko ndiko nilikomsikia jirani akiuliza, "Huyo hakimu wenu bado yupo?" Na shangazi, aliyenipenda sana, akajibu: "Yupo. Anakula kama mshtakiwa, haachi kitu." Walicheka mpaka wakakohoa. Nilibaki kitandani na mokary mdomoni, nisiweze kumeza wala kutema. Siku ile ile nilitoka kutafuta kazi ya kujilisha. Shangazi nilimwambia nimepata mahali Tsaramandroso pa kuandika barua za mwenye kiwanda.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kibanda cha mabati chenye tanuri, mvukuto na boila moja kubwa la kinu cha mpunga, lililoletwa kwa mashua kutoka upande wa Boanamary likiwa limeoza tumbo. Mwenyewe alikuwa Mzee Tombo, Msakalava mfupi aliyekuwa na sikio moja zima na moja lililoharibiwa na nyundo. Hakujua kusoma. Zafy, aliyelingana nami kwa umri, alikuwa mtu wa moto. Alichoma ribiti, ile misumari mifupi minene yenye kichwa, mpaka ziwe nyekundu, kisha akaziteremsha kwa bomba hadi ndani ya boila, ambako ziliangukia kwenye kopo la bati. Ndani alikaa mtu mwembamba wa kuidaka ribiti kwa koleo, kuisukuma kwenye tundu na kuishikilia kwa nondo nzito huku mzee akiigonga kwa nje. Mimi nilikuwa mwembamba. "Mesye Bakaloria," Zafy aliniambia siku ya kwanza, yaani Bwana Bakaloria kwa Kifaransa chake, akifungua kitundu cha kuingilia kama mtu anayemfungulia bosi mlango wa gari, "ofisi yako hii. Feni imeharibika." Humo ndani huoni kitu, na kelele ni nyingi mno kwa maneno, kwa hiyo tulizungumza kwa kugonga. Mzee akigonga mara moja, leta nyingine. Mara mbili, kaza. Mara tatu, toka. Aliye ndani sharti ajibu kila anapogongewa, ili wa nje wajue hajazimia.

Nitasema jambo ambalo sikulisema pale mazikoni. Niliipenda kazi ile tangu wiki ya pili. Niliipenda kwa aibu, kama mtu anavyopenda mchumba asiyeweza kumleta nyumbani. Nilijifunza kusikia ribiti iliyokaa na ribiti inayodanganya, kwa maana iliyokaa hulia fupi na inayodanganya hulia kwa mwangwi. Mzee Tombo alikuwa akilaza sikio lake zima kwenye bamba, kisha anasema kwa Kimalagasi, bila kunitazama, "Huyu anasikia." Kwa mdomo wake hiyo ilikuwa hotuba. Jioni nilioga kisimani kabla ya kurudi kwa shangazi, nikavaa shati jeupe, nikaandika barua nyumbani kwamba masomo ya sheria yameanza hapa hapa Mahajanga na ni magumu. Sikujua nitakavyoacha kuandika hivyo. Kila barua ilinilazimisha kuandika nyingine.

Mwishowe karani alinipa jibu, na jibu lilikuwa karatasi mbili. Aliziweka mezani sambamba. Ya kwanza ilikuwa ya Sheria: nafasi ipo, lakini ni ya mwaka ujao, na fedha za kunitunza hazijulikani. Ya pili ilikuwa ya chuo cha ufundi, chenye stashahada, masurufu na kitanda, kinachofunguliwa mwezi unaofuata. "Mahakimu tutawapata," karani alisema. "Watu wa boila walikuwa Wafaransa, nao wameondoka na vifaa vyao. Jaza moja, uilete Ijumaa. Ukileta moja, nyingine nachana." Nilikuwa sijatimiza umri wa kujitilia sahihi peke yangu, kwa hiyo zote mbili zilihitaji sahihi ya mzazi au ya mlezi. Nilizikunja nikazitia mfukoni mwa shati. Jumatatu, Jumanne na Jumatano nilifanya kazi nikiwa nimelitundika shati lile kwenye msumari, na kila nilipotoka ndani ya boila macho yangu yalikwenda kwenye mfuko ule kwanza. Watu wananiona mimi ni mtu wa maamuzi. Siku zile tatu sikuamua hata kama nikojoe.

Alhamisi, karibu na adhuhuri, nikiwa ndani na koleo mkononi, nyundo ya mzee ilinyamaza. Nikasikia sauti kupitia kwenye tundu lililokuwa halijazibwa. Ilikuwa ikizungumza Kingazija, kwa heshima ndefu za wazee wetu, na niliijua kabla haijamaliza salamu. Ilikuwa ya Mzee Hamadi. Alikuwa amekuja Mahajanga kumjulia hali dada yake, akaona vyema amchukue na baba ili nao wamwone hakimu wao. Shangazi aliwaelekeza kwa nia njema mahali ninapoandikia barua.

"Tunamtafuta kijana mmoja msomi," Mzee Hamadi alisema, safari hii kwa Kimalagasi. "Tumeambiwa ni karani hapa."

"Karani?" Zafy alijibu. "Hapa anayejua kuandika ni kuku tu, akikwaruza chini."

Kisha nikaisikia sauti ya baba. Alizungumza polepole, kwa Kimalagasi chake cha kazini, ili wenye kiwanda nao wasikie. "Tumekosea nyumba, Mzee Hamadi. Mwanangu anasoma sheria. Tazama mahali hapa. Hawezi kuwa mahali kama hapa." Alilisema bila kiburi, kwa wasiwasi, kama mtu anayeomba isiwe.

Mzee Tombo hakuelewa, au alielewa mno. Aligonga mara tatu. Toka. Sikujibu. Akagonga tena mara tatu, kwa nguvu, nikajua anadhani nimezimia. Hapo nilifanya upumbavu ambao mpaka leo sijampata wa kumlaumu. Nilitaka aamini kwamba sikusikia vizuri, kwamba bado nina kazi, wageni wachoke waondoke. Zafy alikuwa ameteremsha ribiti kabla wageni hawajafika. Nililisogelea kopo gizani ili niikaze. Koleo likaniponyoka, na badala ya kulipapasa koleo nililipapasa kopo. Ribiti ilikuwa imeshapoteza wekundu, haikuonekana, lakini haikuwa imepoa. Niliifumbata kwa kiganja cha kulia.

Nilipiga ukelele wa kumwita mama. Kwa lugha yetu. Nikasikia viatu vikikimbia, na baba akiniita jina langu, "Ahmada! Ahmada!" akiwa ameupachika uso wake kwenye tundu la kuingilia, akiziba mwanga wote, mpaka Zafy akamvuta kando ili nipite. Nilitoka kwa magoti, kifua wazi, mweusi kwa masizi, mkono nimeunyoosha mbele kama wa mwombaji. Mzee Hamadi alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Huyu ndiye?" aliuliza. Baba alikuwa ameshavua kofia yake na kuichovya kwenye pipa la maji.

Nilipelekwa hospitali nikafungwa bendeji nene kuanzia vidoleni mpaka kwenye kifundo cha mkono. Tuliporudi kuchukua shati langu, Mzee Hamadi alikuwa ameondoka, na Mzee Tombo alikuwa akijaribu mshono wa ribiti niliokuwa nimeushikilia wiki nzima. Alikuwa ameupaka chokaa kwa nje, na Zafy alikuwa ndani akiupaka mafuta ya taa. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya: penye ufa, mafuta hupenya na chokaa hugeuka rangi. Baba aliuliza wanangoja nini, wakamweleza. Akavuta pipa tupu akakaa. Alingoja nao muda mrefu, macho kwenye ule mstari mweupe, na mimi nilisimama nyuma yake nikisikia mapigo ya moyo ndani ya bendeji. Mstari ulibaki mweupe kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzee Tombo akafuta mikono. "Mshono huu kaushikilia mwanao," alimwambia. Baba akainuka, akapitisha kiganja chake kwenye vichwa vya ribiti, kimoja baada ya kingine, akirudi nyuma alipohisi ameruka kimoja.

Kwa shangazi, baada ya chakula nilichoshindwa kula, nilitoa fomu zote mbili na kuzitandaza kwenye mkeka. Nilimweleza baba kila kitu, na uongo wa barua pia. Shangazi alikuwa jikoni, nyuma ya bati, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nyumba ile hakusikika. "Wewe unataka ipi?" baba aliuliza. Nilikuwa na bakaloria. Niliwahi kujadiliana na walimu wa Kifaransa mbele ya darasa zima na kuwashinda. Nilifungua mdomo, nikaona mkeka wa mbele, nikaona mstari mweupe, nikasema, "Sijui, Baba." Akaniuliza tena, kwa sauti ile ile, nami nikasema tena sijui. Sikuwa nikificha. Nilikuwa nimejaa vitu viwili vinavyolingana, na hakuna kilichosogea.

Baba hakujua kusoma Kifaransa. Aliziangalia karatasi zile kama mtu anayeangalia samaki wawili sokoni. "Ipi ni ya ile kazi ya mle ndani?" Nikamwonyesha kwa mkono wa kushoto. Akaomba kalamu. Aliandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, kwenye mstari uliotengenezwa kwa watu wanaoanzia kushoto, kwa hiyo jina lake likatoka nje ya kisanduku likaingia pambizoni. Nilijua anachokitia sahihi, na alijua pia. Ningeweza kuiondoa karatasi. Sikuiondoa. Kesho yake ofisini karani alinitaka nami niweke sahihi, na kwa kuwa vidole vya kulia vilikuwa vimefungwa na mkono wa kushoto haukujua kuandika, alinisogezea kidau cha wino. Hivyo ndivyo mimi, mwenye bakaloria, nilivyoingia chuoni kwa dole gumba, na karani akaichana ile nyingine mbele yangu kama alivyoahidi.

Idi ilitukuta Hell-Ville, siku chache kabla chuo hakijafunguliwa. Habari zilikuwa zimefika kabla yetu. Hakuna aliyenicheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Walinipa pole ya mkono, wakaniuliza kama unauma, na maneno yakaishia hapo. Baada ya sala tuliingia kwenye ukumbi wa msikiti, masinia yalikuwa yametandazwa, na mimi nikaketi na wavulana karibu na mlango, mahali pangu. Baba alikuwa nyuma yangu, akivua viatu. Kutoka mbele Mzee Hamadi alimwita. "Njoo, mahali pako pako wazi." Palikuwa wazi kweli, niliona mkeka. Lakini alimwita akiwa amekaa, hakuinuka safari hii, na wazee wengine walikuwa wakitazama wali.

"Ahsante, Mzee Hamadi," baba alisema. "Mlimkaribisha baba wa hakimu. Mimi ni baba wa fundi wa boila." Hakuwa na hasira hata chembe. Mzee Hamadi akasema haya, karibu chakula, akanawa mikono. Hakumwita mara ya pili. Baba akaketi kando yangu, mvulana mmoja akamsogezea nafasi, na bismillahi ikasomwa.

Wote wakaanza kula. Mimi sikula. Kwetu mtu hali kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ulikuwa fungu la nguo. Nilijifanya nasubiri wali upoe. Nilitaka kumwambia baba kitu, nilikuwa nimekipanga tangu kwenye chombo tulipokuwa tukivuka, maneno mazuri, mengi, juu ya stashahada na mishahara na siku atakazonionea fahari. Wavulana walikuwa wakigombania mfupa. Baba alitenga wali kwa vidole, akauchambua, akautoa mfupa mdogo uliokuwemo, akaukanda kuwa tonge mpaka ukashikana. Kisha akanigeukia, akauleta mdomoni mwangu mbele ya ukumbi mzima, mimi kijana wa miaka kumi na tisa mwenye ndevu. "Fungua," alisema. Nikafungua.